Vyura wa Mitini na Ukingo wa Mto: Tuwaachie Mahali pa Kuzalia



 Leo tumeona tuzungumzie kiumbe ambaye wengi wetu humsikia kila msimu wa mvua lakini ni wachache waliowahi kumtazama vizuri. Naye ni chura, hasa yule mdogo anayeishi juu ya majani, matete na miti, yaani chura wa mtini.

Huenda baadhi yenu mtauliza: kuna haja gani ya kuzungumzia vyura wakati tuna karo za shule, bei za vyakula na maradhi? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba mahali anapozalia chura huyu ndipo mahali palepale tunapogombania sisi wakazi wa Kasese na Bwera, nao ni ukingo wa mto na kinamasi. Tukijua anazaa vipi, tutajua pia kwa nini ukingo ule hautakiwi kulimwa mpaka kwenye maji. Tunaomba mtusome mpaka mwisho, kisha mpime wenyewe.

CHURA WA MTINI NI YUPI?

Kiswahili kinatumia neno "chura" kwa wote, kwa hiyo ni vyema tuwatenganishe kwanza. Yule mkubwa mwenye ngozi ya mabaka na vipele, anayekaa chini ya taa akisubiri wadudu waanguke, siye tunayemzungumzia. Yule ni chura wa nchi kavu, na mayai yake huyataga majini kwa maelfu, yakiwa kama kamba ndefu za utelezi zilizojizungusha kwenye nyasi.

Chura wa mtini ni mdogo, ngozi yake ni laini, macho yake ni makubwa, na kwenye ncha za vidole ana visahani vidogo vinavyonata. Kwa visahani hivyo anaweza kupanda jani linaloteleza, tete lililosimama wima, hata kioo cha dirisha. Wapo wa kijani, wa kahawia, wenye mistari na wenye madoadoa. Kwenye mabwawa na mabonde ya huku kwetu anayejulikana zaidi ni chura wa matete, ambaye wataalamu humwita Hyperolius viridiflavus. Rangi zake hubadilika sana kutoka eneo moja hadi jingine, kiasi kwamba mtu anaweza kudhani kila bonde lina aina yake.

KWA NINI WANALIA USIKU?

Watoto hupenda kuuliza swali hili, na jibu ni rahisi kulieleza. Wanaolia ni madume. Kila dume ana ngozi inayojaa hewa chini ya koo, mfano wa puto, nayo huikuza sauti mpaka kiumbe mwenye urefu wa sentimita 3 anasikika mbali sana. Sauti ile ni mwito kwa majike, na ni onyo kwa madume wengine wasimsogelee.

Kila aina ina mwito wake. Chura wa matete hutoa sauti fupi kama ya mtu anayegonga chupa kwa kijiko. Jike huusikiliza mwito wa aina yake tu hata kama bwawa zima lina kelele. Na kulia si kazi nyepesi. Dume hutumia nguvu nyingi usiku kucha, na kwa sauti ileile huwaita pia maadui zake kama nyoka, ndege wa usiku na popo. Jike naye hasogei ovyo, bali husikiliza, hulinganisha, kisha huchagua. Wanapokutana, dume humshika jike mgongoni, na jike anapotaga, dume huyarutubisha mayai yakiwa nje ya mwili.

Kwa hiyo kelele inayotunyima usingizi mwezi wa Aprili ni dalili kwamba maji yamerudi, na kwamba yana usafi wa kutosha kwa kiumbe mwenye ngozi nyepesi kabisa kuweza kuzaa humo.

NJIA NNE ZA KUTAGA

Hapa ndugu zetu wanafunzi wachukue kalamu. Wengi tulifundishwa shuleni kwamba chura hutaga majini, yai linakuwa kiluwiluwi, kiluwiluwi anakuwa chura, basi. Mafunzo yale ni sahihi, lakini vyura wa mitini wana njia zaidi ya moja, na kila njia inahitaji kitu tofauti kutoka kwenye ukingo wa maji.

Njia ya kwanza ni ya chura wa matete tuliyemtaja. Yeye hutaga ndani ya maji yenyewe, akiyabandika mayai yake kwenye majani na mashina yaliyozama. Wapo ndugu zake wa jamii hiyohiyo wanaotaga juu ya jani lililoinama juu ya maji, na viluwiluwi wakiiva huteleza na kudondoka majini.

Njia ya pili ni ya vyura wa jamii ya Afrixalus. Hawa ni wadogo pia, na wengi wao wana mistari mgongoni. Jike huyaweka mayai yake juu ya jani la nyasi, kisha jani linakunjwa, kingo zake zikagandishwa kwa ute unaotoka mwilini mwake. Anayepita ataona jani lililojikunja tu. Ndani yake mna mayai yaliyofichwa jua, upepo na wadudu.

Njia ya tatu ni ya vyura wa jamii ya Leptopelis, akiwemo Leptopelis kivuensis anayepatikana magharibi mwa Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Hawa huimba wakiwa juu ya miti na vichaka, lakini wakati wa kutaga jamii hii kwa kawaida hushuka chini. Mayai yao ni makubwa, yenye kiini kingi, na huzikwa kwenye udongo wenye unyevu karibu na maji. Viluwiluwi wakitoka, mvua ikinyesha, hujipindapinda juu ya udongo uliolowa mpaka wafike majini. Hebu fikirieni, kama udongo ule umelimwa kwa jembe wiki iliyopita, mayai yale yamekwenda wapi?

Njia ya nne ndiyo ya ajabu zaidi, nayo ni ya chura wa povu wa jamii ya Chiromantis. Aina iitwayo Chiromantis rufescens inapatikana kwenye misitu ya magharibi mwa Uganda na kuendelea mpaka Afrika Magharibi. Nyingine, Chiromantis xerampelina, inapatikana Kenya, Tanzania na nchi za kusini. Jike huchagua tawi lililoning'inia juu ya maji. Hutoa ute, kisha huupiga kwa miguu ya nyuma, kama mama anavyopiga mayai kwa uma, mpaka unakuwa povu jeupe zito. Mayai hutagwa humohumo ndani ya povu. Huyu wa xerampelina huweza kukatiza kazi katikati, akashuka bwawani kufyonza maji kwa ngozi yake, kisha akapanda tena kuendelea.

Povu likikauka kwa nje linakuwa gamba, na ndani linabaki laini na lenye unyevu. Samaki hawafiki, na jua haliyakaushi mayai. Baada ya siku chache, mara nyingi kabla ya wiki kutimia, sehemu ya chini ya povu hulainika na viluwiluwi huanguka majini kama matone ya mvua. Subhanallah!

Tunaomba mzingatie jambo moja katika njia hizi zote. Maji peke yake hayatoshi. Mmoja anataka jani lililozama, mwingine anataka nyasi ndefu, mwingine anataka udongo usioguswa, mwingine anataka tawi lenye maji chini yake. Tawi likikatwa, au maji yaliyo chini yake yakiondolewa kwa mfereji, kizazi kizima kinaanguka kwenye udongo mkavu na kufa.

DINI YETU NA CHURA

Baadhi ya vijana wetu huwapiga vyura mawe kwa mchezo, na wapo watu wanaowamwagia chumvi ili wawatazame wakirukaruka. Tunasema waziwazi kwamba jambo hili halifai. Imepokewa katika hadithi aliyoitaja Abu Daud kwamba tabibu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kumtumia chura katika dawa, naye akakataza kumuua. Kwa msingi huo wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu tunayafuata, wamesema pia kwamba chura haliwi. Wanafunzi wa baiolojia wanaopewa chura wa kupasua maabara wana swali lao mahususi, na hilo walipeleke kwa mashehe wao wapate jibu lenye elimu. Lakini mawe na chumvi havina swali.

Chumvi ina ubaya wake wa ziada. Chura hunywa kwa ngozi, na sehemu ya pumzi yake hupita kwenye ngozi. Ukimwagia chumvi unamvuta maji yote ya mwili akiwa hai. Mtoto anayezoea kucheka mateso kama hayo anajifunza ukatili ambao kesho hataweza kuuacha mlangoni.

Na ile imani kwamba ukimshika chura utaota sunzua mikononi, haina ukweli. Sunzua zinaletwa na virusi vinavyopita kutoka mtu hadi mtu. Ni kweli kwamba vyura wengine wana sumu nyepesi kwenye ngozi inayowasha macho, kwa hiyo mtoto aliyemshika aoshe mikono kwa sabuni, na ni bora zaidi amtazame tu bila kumshika.

NENO MOJA, VIUMBE WAWILI

Kuna jambo la lugha ambalo limewagharimu vyura wengi. Kiswahili chetu kinasema "viluwiluwi" kwa watoto wa chura, na kinasema "viluwiluwi" kwa watoto wa mbu. Mtu akisikia redioni kwamba viluwiluwi waangamizwe, anakwenda na mafuta machafu ya gari au dawa ya kunyunyizia mimea, anaimwaga yote bwawani. Wote wawili wanakufa. Mbu hurudi baada ya siku chache kwa sababu huruka na kutaga haraka. Chura harudi haraka hivyo.

Kuwatofautisha ni rahisi. Mtoto wa mbu ni mwembamba kama uzi, hukaa karibu na uso wa maji akipumua, na ukiligusa bakuli huzama kwa kujinyonganyonga. Mtoto wa chura ana kichwa cha mviringo na mkia mmoja mpana, na wengi wao hula ukungu wa kijani unaoota kwenye mawe na majani.

Hatusemi kwamba vyura watatumalizia malaria. Hilo lingekuwa kuwadanganya. Chandarua kinabaki kuwa chandarua, na makopo yenye maji nyuma ya nyumba lazima yamwagwe. Lakini wale wanaosema kinamasi kikaushwe ili mbu waishe, tunawaomba waangalie kilichoonekana Kabale, ambako ni magharibi mwa nchi yetu hiihii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha vijiji vilivyo karibu na vinamasi vya mafunjo vilivyoachwa na vijiji vilivyo karibu na vinamasi vilivyogeuzwa mashamba. Kwenye vinamasi vilivyolimwa joto lilikuwa juu zaidi, na mbu wa malaria walipatikana kwa wingi zaidi ndani ya nyumba. Sababu haiko mbali. Mbu yule anapenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi kwenye jua, kama mashimo ya matofali, nyayo za ng'ombe na mifereji ya shamba, na mafunjo yaliyofunga kivuli hayampi nafasi hiyo.

MITO YETU IMETUFUNDISHA

Sasa tuje nyumbani. Kutoka Rwenzori inashuka mito ya Nyamwamba, Mubuku, Sebwe, Nyamugasani na Lhubiriha. Nyamwamba, Mubuku na Sebwe zinakwenda Ziwa George, ambalo vinamasi vyake viliandikishwa mwaka 1988 kuwa vya kwanza vya Uganda katika mkataba wa kimataifa wa Ramsar. Lhubiriha unapita Mpondwe, karibu na Bwera, na ndio mpaka wetu na Kongo. Chura wa ng'ambo hii na chura wa Kasindi wanaitana usiku mmoja, na hakuna anayewaomba karatasi.

Mwezi wa Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, watu wakafa, nyumba na madaraja vikachukuliwa, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Mei 2014 ukafurika tena. Mei 2020 mito kadhaa ya wilaya ilifurika kwa pamoja, Lhubiriha ukiwemo, na maelfu ya watu wakalala mashuleni na kwenye kambi. Wapo miongoni mwetu ambao mpaka leo hawajarudi kwenye viwanja vyao, kwa sababu viwanja vyenyewe sasa ni mawe.

Tuwe waadilifu katika maneno yetu. Matete hayawezi kuzuia jiwe la ukubwa wa gari linalobingirishwa na mto. Mafuriko yale yalikuwa na sababu nyingi: mvua kubwa, maporomoko ya udongo, na uoto ulioungua juu mlimani kwa moto wa mwaka 2012. Lakini ukingo wenye mizizi haumomonyoki sawa na ukingo uliolimwa mpaka kwenye maji. Na bonde lenye mafunjo hupunguza mwendo wa maji na kushika tope kabla halijafika ziwani. Hata maji ya kawaida ya kila msimu hula shamba lililo wazi kipande kwa kipande, na mwenye shamba anaona.

Kuna jambo jingine upande wa Kilembe. Mgodi wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini masalio yake yalibaki kwenye marundo kando ya Nyamwamba, na mto umekuwa ukiyachimba na kuyapeleka chini pamoja na madini yake. Yai la chura halina ganda kama la kuku. Kila kilichomo majini kinaingia moja kwa moja. Vyura wakinyamaza mahali walipokuwa wakilia kila mwaka, mwenye akili anapaswa kuuliza kuhusu maji yale kabla hajawanywesha watoto.

SHERIA IPO, NA HOJA YA ARDHI NAYO IPO

Uganda ina kanuni za mwaka 2000 kuhusu vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa. Mito mikubwa iliyoorodheshwa imepewa mita 100 kila upande, na mito mingine mita 30, ambamo mtu haruhusiwi kulima wala kujenga bila idhini. Mita 30 ni kama hatua 40 za mtu mzima. Tembea kando ya mto wowote wa huku uhesabu mwenyewe utakutana na mihogo kwenye hatua ya ngapi.

Tunaijua hoja ya upande wa pili, na hatuidharau. Ardhi ni ndogo. Mlimani kumejaa, na upande wa tambarare kuna hifadhi ya taifa ya Queen Elizabeth. Mama mjane mwenye kipande kimoja tu, na kipande chenyewe kiko mtoni, ukimwambia aache hatua 40 kwa ajili ya vyura utakuwa umemwambia aache kula. Mtu wa namna hii hatakiwi kutishwa kwa askari. Anatakiwa kusaidiwa na majirani zake, na sisi Waislamu tuna zaka na sadaka kwa kazi kama hii.

Lakini tuseme ukweli mwingine pia. Wengi wanaolima kwenye maji si wajane. Ni watu wenye vipande vingine, wanaotafuta msimu wa tatu wa mboga kwa ajili ya soko. Na shamba la ukingoni ndilo la kwanza kuchukuliwa. Aliyepanda Machi na akapoteza yote Mei amepoteza mbegu, mbolea, kibarua na udongo wenyewe. Kwa hesabu ya miaka kumi, hatua zile 40 hazikumpa faida aliyoitarajia. Anayewaachia vyura ukingo anawaachia kitu ambacho mto ungekichukua hata hivyo, na yeye anabaki na shamba lililokingwa.

SOMO LA KIHANSI

Kuna wanaosema vyura hawaishi, tutawaua leo na kesho watakuwepo. Tunawapa mfano wa jirani zetu Tanzania. Kwenye maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa, mwaka 1996 waligunduliwa vyura wadogo wa rangi ya dhahabu, wasiofika sentimita 3, ambao hawakuwa wakiishi mahali pengine popote duniani. Uzazi wao ni wa ajabu kuliko wa hawa wa kwetu, kwani jike hazai mayai bali huzaa vitoto vilivyokamilika. Waliishi kwenye eneo la hekta chache tu lililolowanishwa na manyunyu ya maporomoko.

Bwawa la umeme likajengwa juu yake, na kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji ikawa imeelekezwa kwenye mitambo. Manyunyu yakapungua. Mwishoni mwa mwaka huohuo vyura 499 wakapelekwa Marekani kufugwa, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx huko New York. Waliobaki Kihansi waliwekewa mitambo ya kunyunyizia maji, lakini mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi unaoua vyura sehemu nyingi duniani ukagunduliwa pale. Mwaka 2009 walitangazwa kwamba hawapo tena porini. Vizazi vya wale waliofugwa vilirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena Kihansi.

Tanzania ilihitaji umeme, na hakuna anayebisha. Somo letu ni dogo tu: kazi ya kumrudisha kiumbe aliyeondoka ilihitaji nchi mbili, ndege, wataalamu na zaidi ya miaka kumi. Kuacha hatua 40 za matete hakuhitaji hata mmoja kati ya hao.

TUFANYE NINI?

Kwanza, familia yenye shamba mtoni ipime hatua 40. Kama haiwezi zote, ianze na 10, na ipande matete, mianzi au miti ya asili, ikiacha nyasi zilizoinamia maji zibaki zilivyo. Mikaratusi isipandwe hapo, maana inakunywa maji mengi.

Pili, dawa za mimea zisichanganywe wala pampu zisioshwe mtoni. Maji yale ndiyo yanayotumika chini kwa kupikia na kutawadha.

Tatu, wazazi wawakanye watoto kuhusu mawe na chumvi, na wawaeleze sababu. Mtoto akionyeshwa jani lililokunjwa na chura, hatalikanyaga tena.

Nne, wanafunzi waanzishe daftari la vyura. Tarehe, mahali, mvua imenyesha au haikunyesha, na sauti ngapi tofauti zimesikika kwa dakika 5 baada ya sala ya Isha. Hii inafanyika uani au kibarazani, si ukingoni, kwani mto wa usiku wakati wa mvua si mahali pa mtoto. Daftari la miaka mitatu kutoka shule moja ya Bwera na moja ya Kasese litatuambia mengi kuhusu maji yetu.

Tano, wazee wa misikiti na viongozi wa vijiji wakae pamoja, wawatambue wale wachache ambao kweli hawana ardhi nyingine, na watafute namna ya kuwasaidia kabla sheria haijawafikia.

Ndugu zetu, mvua zikianza msimu huu, zimeni redio kidogo, mkae na watoto na kusikiliza. Kama mnasikia sauti nyingi, mshukuruni Allah na mlinde ukingo unaozileta. Kama mnasikia sauti moja tu, au kimya, ulizaneni na majirani ni nini kilichobadilika mtoni tangu mwaka jana, kisha nendeni mkaangalie mchana.

Tunamuomba Allah atujaalie tuwe waangalizi wema wa alivyotukabidhi, awarehemu waliochukuliwa na mafuriko, na awape subira waliobaki. Amin.